Jabali Halihami: Jinsi Familia za Mpakani Ziwezavyo Kusafiri kwa Usalama na kwa Gharama Nafuu

Mkazi wa Rubongi atokapo nje asubuhi hulikuta Jabali la Tororo limesimama pale pale lilipokuwa jana. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kulipanda, hali wenyeji wengi wamekula chumvi nyingi bila kuweka mguu juu yake. Wapo wanaodhani kwamba safari za milimani, mapangoni na kwenye maporomoko ya maji ni anasa ya wenye fedha. Wapo pia vijana wanaozianza safari hizo kwa ghafla, bila maji, bila kuaga, na pengine kwa kuvuka mpaka kupitia njia za panya. Makundi haya mawili yanakosea kwa namna mbili tofauti. Safari ya namna hii yaweza kufanywa na familia ya kipato cha kawaida, pamoja na watoto na mtu ambaye hajapata kupanda hata kichuguu, mradi mambo machache yaamuliwe nyumbani kabla ya mguu kutoka mlangoni.

Makala haya yanayaeleza mambo hayo moja baada ya jingine: mahali pa kuanzia, saa ya kurudi, hatari ya radi, kuvuka mpaka kwa mlango ulio wazi, ulinzi wa watoto, mfuko wa fedha, na karatasi moja ambayo kila msafiri apaswa kuiacha nyuma.

Anza na kilicho karibu

Kosa la kwanza la mgeni wa safari ni kutamani kilele kirefu kabla ya kuujua mwili wake. Ukanda wetu una neema ya kuwa na vivutio vinavyopandana kama ngazi, kuanzia chepesi hadi kigumu, na vingi viko katika masafa ambayo mtu aweza kwenda na kurudi siku moja.

Ngazi ya kwanza ni Jabali la Tororo lenyewe. Ni masalio ya volkano ya kale: mawe yaliyoyeyuka yaligandamana ndani ya koo la volkano, kisha udongo na mawe laini ya pembeni yakamomonyoka kwa muda mrefu mno, ukabaki mwamba mgumu uliosimama peke yake. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, nao mji ulio chini yake uko karibu mita 1,200. Kwa hiyo mpandaji huinuka kiasi cha mita 300 tu. Katika sehemu za juu zilizo wima zipo ngazi za kushikilia. Siku hewa ikiwa safi, mtu aliye juu huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki na nchi ya Kenya ikitandaa mbele yake. Ni kituo kizuri kwa mtoto aliyekwisha kuzoea kutembea mwendo mrefu, lakini kwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni sehemu za ngazi si mahali pake. Na atosheke na kufika chini ya ngazi hizo.

Ngazi ya pili ni michoro ya kale ya miambani. Upande wa Uganda iko Nyero, katika Wilaya ya Kumi. Upande wa Kenya iko Kakapel, kaskazini mwa Malaba katika Kaunti ya Busia, ambayo ni mnara wa kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hapa kupanda ni kidogo na mafunzo ni mengi. Kakapel si michoro peke yake: mwaka 2024 wanasayansi waliripoti kwamba katika udongo wa pango hilo yalipatikana mabaki ya kunde yenye umri wa miaka karibu 2,300. Mtoto anayekula kunde nyumbani Rubongi atafurahi kujua kwamba mboga ile ina historia ndefu kiasi hicho katika nchi hii hii. Sharti moja tu: mkono usiguse mchoro, wala chaki au maji yasimwagwe juu yake ili ung'ae kwa ajili ya picha. Kilichodumu karne nyingi chaweza kuharibiwa kwa dakika moja.

Ngazi ya tatu ni maporomoko ya Sipi, katika Wilaya ya Kapchorwa, ambako mto hushuka mara tatu na poromoko refu zaidi hukaribia mita 100. Hapa njia huteleza, nayo kingo hazina ukuta. Kiongozi wa njia mwenyeji ni wa lazima kwa anayeanza. Si mbali na hapo kipo kituo cha msitu cha Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, chenye njia fupi za kutembea kwa mguu zinazoifaa familia.

Ngazi ya nne ni kilele cha Wagagai, mita 4,321. Hiki hupandwa kwa siku kadhaa, pamoja na askari wa hifadhi na wapagazi, na kwa maandalizi makubwa. Familia inayoanza isikifikirie kabla ya kupita ngazi tatu za chini. Ni vema kujua kwamba hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Maana yake ni kwamba Tororo ikiwa na joto la nyuzi 28, kilele cha Wagagai chaweza kuwa na nyuzi 8 mchana, na usiku maji yakaganda. Aliyevaa fulana moja ya jasho huko juu yumo hatarini hata kama hajaumia popote.

Saa ya kurudi huwekwa kabla ya saa ya kutoka

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri makini huanza hesabu yake kwenye marejeo. Kabla ya kuulizana mtatoka saa ngapi, ulizaneni mtakuwa mmerudi chini saa ngapi, kisha mhesabu kurudi nyuma.

Katika eneo letu jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na mwanga wa machweo haudumu zaidi ya dakika ishirini hivi. Wageni kutoka nchi za kaskazini, waliozoea machweo marefu, hushangaa jinsi giza linavyoingia huku kama mlango uliofungwa. Kwa hiyo kundi lenye watoto na liwe limekwisha kufika barabarani ifikapo saa 10 jioni kwa uchache, ili hata likichelewa kwa saa mbili bado lione pa kukanyaga.

Kuhusu muda wa kupanda, ipo kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith, nayo ingali ikitumika duniani kote: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith aliwahesabia watu wazima wenye nguvu. Kwa familia, zidisha jibu mara mbili. Tuseme njia ya kulipanda Jabali la Tororo ni ya kilomita 2 na inainuka mita 300: kutembea ni dakika 24, kupanda ni dakika 30, jumla ni chini kidogo ya saa moja. Kwa familia, iwekeni karibu saa mbili za kupanda, na karibu muda uo huo wa kushuka, kwa maana miguu iliyochoka huteleza zaidi ikishuka kuliko ikipanda.

Sasa wekeni saa ya kugeuka. Mkianza kupanda saa 1 asubuhi, semeni kwa kauli moja: ikifika saa 4 tutageuka, tuwe tumefika kileleni au hatujafika. Uamuzi huo ufanywe nyumbani, wakati hakuna aliyechoka na hakuna anayeona haya. Huko juu kila mtu huwa na sababu ya kusema "bado kidogo tu", na ajali nyingi za milimani huanzia katika maneno hayo matatu. Mzazi asiogope kuonekana dhaifu mbele ya watoto wake. Jabali halihami, litakuwepo Jumamosi ijayo na mwaka ujao. Mtoto aliyemwona baba au mama yake akigeuka kwa utaratibu amejifunza jambo kubwa kuliko kilele.

Kundi na lende kwa mwendo wa mdogo kuliko wote. Mtu mzima mmoja awe mbele, mwingine awe nyuma, na watoto wawe kati. Kila mtu mzima asiangalie watoto zaidi ya wawili au watatu. Mahali penye njia panda wote wasimame hadi wa mwisho afike, wahesabiwe kwa sauti, ndipo safari iendelee.

Radi: jirani yetu mkali

Wenyeji hawahitaji kuambiwa kwamba Tororo ina ngurumo. Hata hivyo wengi hawajui kwamba mji huu umetajwa katika vitabu vya hali ya hewa vya dunia kwa wingi wa siku zake za ngurumo, ambazo zimekadiriwa kuwa takriban 250 kwa mwaka. Sababu yake inaeleweka: jua hupasha ardhi moto tangu asubuhi, upepo wenye unyevu huja kutoka Ziwa Victoria, hewa hupanda kwa nguvu, na mawingu marefu hujengeka baada ya adhuhuri. Hii ndiyo maana kubwa ya kupanda asubuhi na kushuka kabla ya mchana kupinda. Jabali ni sehemu iliyoinuka kuliko zote za jirani, na lina milingoti na vyuma juu yake; si mahali pa kungojea mvua ipite.

Mwezi Agosti 2020 watoto 10 katika eneo la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, waliuawa kwa radi baada ya kujikinga mvua kibandani walipokuwa wakicheza mpira. Kibanda cha nyasi, kivuli cha mti mmoja na mdomo wa pango lisilo na kina havikingi radi. Kinachokinga ni jengo kubwa imara au gari lenye mwili wa chuma lililofungwa madirisha.

Kanuni ni nyepesi hata kwa mtoto. Umeme ukimulika, anzeni kuhesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Kwa hiyo mkihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, nayo yaweza kuwafikia. Shukeni mara moja kutoka sehemu ya juu, acheni ngazi za chuma na uzio, na msikumbatiane: tawanyikeni hatua kadhaa ili radi isiwapige wote kwa pamoja. Aliyekosa pa kwenda achuchumae miguu ikiwa pamoja, wala asilale chini. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kuendelea. Na mtu akipigwa, mwili wake hauna umeme uliobakia. Ni salama kumgusa, na huduma ya kwanza ya haraka yaweza kumrudisha ikiwa moyo umesimama.

Mbali na radi, yako mambo mengine machache ya kukumbuka. Kila mtu abebe maji yake, kwa kiasi cha nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwenye joto. Anayeharisha njiani apewe lita moja ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali. Asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba ya kubana damu. Na mapango yenye popo wengi yasiingiwe ovyo. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, walipita wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, na wote wawili walifariki. Ushauri wa askari wa hifadhi kuhusu pango gani liingiwe na lipi liachwe si wa kupuuzwa.

Vuka mpaka kwa mlango

Hapa tunafika kwenye jambo linalotuhusu watu wa mpakani kuliko wote. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa Busia, kutokana na baiskeli zilizowabeba watu kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi kingine. Sisi tumezoea kuvuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Mjomba yuko upande ule, shamba liko upande huu, na soko liko katikati. Kwa mazoea hayo, familia inayokwenda kutembea Kakapel au msitu wa Kakamega yaweza kuona ni usumbufu kupita kituoni, ikachagua kichochoro.

Na tuhesabu faida na hasara bila kificho. Faida ya njia ya panya ni kuokoa muda mchache. Hasara zake ni hizi. Kwanza, kuingia nchi bila kupita kwa ofisa wa uhamiaji ni kosa katika nchi zote mbili, na anayekamatwa mbele ya watoto wake hujikuta akitumia nauli yote ya kurudi kwa mambo mengine. Pili, hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba umevuka. Ukipotea au ukipata ajali, wanaokutafuta wataanza upande usio wako. Tatu, bima ya gari yaweza kukataa kulipa kwa safari isiyofuata utaratibu. Nne, na kubwa kuliko yote, vichochoro hivyo hivyo hutumiwa na wanaosafirisha watoto kwa hila. Mtoto wako akizoeshwa kwamba kuvuka gizani na mtu asiyemjua sana ni jambo la kawaida, umempunguzia kinga yake kwa mikono yako mwenyewe.

Ilhali mlango uko wazi, nao ni mwepesi kuliko zamani. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kusafiri baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Yoweri Museveni pamoja na Rais Uhuru Kenyatta. Malaba nako utaratibu ni ule ule. Msafiri husimama mara moja tu: aingiaye Kenya hukutana na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo la upande wa Kenya, na aingiaye Uganda hukutana nao upande wa Uganda.

Mambo ya kuandaa ni haya:

Kitambulisho halisi cha taifa kwa kila mtu mzima. Nakala ya simu haitoshi. Kwa watoto wasio na kitambulisho, fikeni ofisi ya uhamiaji siku kadhaa kabla mkiwa na vyeti vya kuzaliwa, muulizie hati ya muda ya kusafiria. Chukueni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, ambavyo vyaweza kuulizwa mpakani. Dozi moja hutosha kwa maisha yote. Mwenye gari awe na kadi ya umiliki, au barua ya mwenye gari, na bima inayotambuliwa upande wa pili. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni na risiti itolewe. Fedha zibadilishwazo kando ya barabara ndimo noti za bandia hupenyezwa.

Mtoto asiyesafiri na mzazi wake

Mara nyingi shangazi, mjomba au mwalimu huchukua watoto wa watu wengine katika matembezi ya likizo. Ni desturi njema, kwa kuwa mtoto ni wa wote. Lakini sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambazo Uganda ilizitunga mwaka 2009 na Kenya mwaka 2010, ni sababu mojawapo ya maofisa kuweza kuuliza wamwonapo mtoto mpakani bila mzazi. Swali hilo si tusi. Ofisa anayemuuliza shangazi wa kweli ndiye yule yule atakayemsimamisha shangazi wa uongo kesho.

Kwa hiyo, mzazi aandike barua fupi yenye jina la mtoto, jina la anayemchukua, mahali wanakokwenda, tarehe ya kurudi na nambari ya simu yake. Barua hiyo igongwe muhuri na mwenyekiti wa LC1 kwa walio Uganda, au chifu kwa walio Kenya, na iambatanishwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto naye afundishwe kulitaja jina lake kamili, kijiji chake na nambari ya simu ya mzazi kwa kichwa. Katika mfuko wa suruali au gauni lake kiwekwe kikaratasi chenye nambari hiyo. Akipotea, akae pale alipo na apaze sauti, kwani anayetulia hupatikana upesi kuliko anayetangatanga.

Mfuko wa safari

Kinachoifanya safari kuwa ghali si umbali peke yake. Ni mambo yasiyopangwa. Maji yanunuliwayo mlangoni pa kivutio, bodaboda ya usiku kwa kuwa basi limeondoka, faini, dawa za dharura: hivyo ndivyo vinavyomaliza fedha. Igaweni bajeti katika mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, chakula na maji, kiingilio na kiongozi wa njia, hati, na akiba. Nauli ya kurudi itengwe siku ya kwanza na ikabidhiwe mtu mmoja ambaye hataigusa kwa sababu yoyote. Akiba iwe walau sehemu moja kwa kumi ya jumla yote.

Zipo njia nne za kupunguza gharama bila kupunguza usalama. Ya kwanza ni kubeba chakula kutoka nyumbani: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, karanga na ndizi hushibisha na haviharibiki upesi. Ya pili ni kuungana familia mbili au tatu na kukodi gari moja, mkikubaliana bei na saa ya kurudi kabla ya kupanda, na kuhakikisha kwamba kila abiria ana kiti. Kumpakia bodaboda mama na watoto watatu ili kuokoa nauli si kubana matumizi. Ni kuweka roho rehani. Ya tatu ni kuchukua kitambulisho hata kama hamvuki mpaka, kwa kuwa hifadhi za taifa za Uganda na za Kenya huwatoza raia wa Afrika Mashariki kiingilio kidogo kuliko wageni wa kutoka mbali, ila uraia huo lazima uthibitishwe mlangoni. Ya nne ni kuweka akiba kidogo kidogo kupitia chama au SACCO kwa miezi kadhaa, mkiulenga msimu mkavu wa Desemba hadi Februari, ambao huangukia likizo ya shule na njia zisizoteleza.

Fungu moja lisikatwe: malipo ya kiongozi wa njia. Mwajirini mwenyeji anayejulikana na ofisi ya mahali hapo, kubalianeni bei mbele ya mashahidi, na ombeni risiti pale inapotolewa. Kiongozi huyo hujua jiwe gani limelegea baada ya mvua, mto gani umejaa na nani wa kupigiwa simu. Malipo yake hubaki kijijini, nacho kijiji kinachopata riziki kutokana na wageni huwalinda wageni hao.

Karatasi ya kuachwa nyuma

Katika yote yaliyotajwa, lipo jambo moja lisilogharimu chochote isipokuwa ukurasa wa daftari. Kabla ya kuondoka, andikeni mambo yafuatayo:

Majina na umri wa kila anayesafiri, pamoja na maradhi ya kudumu kama pumu au kifafa.
Mahali mnakokwenda na njia mtakayopita, kwenda na kurudi.
Nambari ya usajili wa gari na simu ya dereva.
Jina na simu ya kiongozi wa njia.
Saa mnayotarajia kurudi nyumbani.
Saa ya kutafutwa, yaani saa ambayo, msiposikika, aliyebaki na karatasi atapiga simu bila kusita.

Nakala moja ibaki kwa jirani mwenye kuaminika, na nyingine kwa mwenyekiti wa LC1, au kwa mzee wa kijiji na wenzenu wa Nyumba Kumi mlioko Kenya. Mkibadili njia, mjulisheni mwenye karatasi. Mkirudi, mwarifuni pia, ili asiwasumbue watu usiku kwa ajili ya familia iliyokwisha kulala.

Thamani ya karatasi hiyo huonekana pale mambo yanapoharibika. Polisi wakiambiwa tu kwamba "walikwenda kutembea milimani", wana milima mizima na nchi mbili za kutafuta. Wakipewa karatasi, wana njia moja, gari moja na saa moja ya kuanzia. Mtoto akikosekana, toeni taarifa kituo kilicho karibu papo hapo. Hakuna haja ya kungoja saa 24 zipite. Nambari za dharura 999 na 112 hutumika Uganda na hutumika Kenya pia. Ziandikwe katika simu ya kila mtu mzima, pamoja na nambari ya kituo cha polisi cha eneo mnakokwenda.

Ukanda wetu umebarikiwa jabali, michoro, maporomoko na mlima mkubwa, vyote vikiwa katika safari ya siku moja au chache. Havikuwekwa kwa ajili ya wageni peke yao. Familia ya Rubongi, ya Malaba au ya Busia ina haki ya kuviona, na yenye saa ya kurudi, hati mkononi na karatasi kwa jirani itaviona na kurudi nyumbani ikiwa kamili. Chagueni Jumamosi moja, anzeni na lililo karibu, na mvua ikiwageuza njiani msinung'unike.